Ngano za Kesho za Shangazi Yako

Kilwa Kivinje, baada ya sala ya alasiri

Mwanangu Shabani, kipande cha ini langu,

Salamu nitakupa kesho kwa mdomo, basi hapa sizirudii. Habari za kufua, za kula, za kuswali kwa wakati na za kutokukaa na nguo mbichi, mama yako ameshakwambia. Yuko ukumbini sasa hivi anakunja kanzu zako kwa mara ya tatu, na kila akimaliza anazikunjua. Mimi nimejifungia chumbani na kalamu kwa sababu yale ninayotaka kukwambia siwezi kuyasema nikikutazama usoni.

Kesho unapanda meli kwenda Dar es Salaam kufundishwa kazi ya simu ya waya. Ni kazi yangu ya zamani. Umekua ukisikia kwamba niliiacha kwa ajili ya macho. Macho yangu hayana kitu, baba. Mpaka leo naona nazi iliyokomaa nikiwa chini ya mnazi. Huo ni uongo wangu, na nyuma yake kuna ukweli mmoja unaomhusu marehemu shangazi yako Mwanahawa.

Wewe unamkumbuka alipokwisha kuchoka, akikohoa kila baada ya maneno mawili, na nyinyi watoto mkimngoja amalize kukohoa ili aendelee na hadithi. Mimi nataka umjue alivyokuwa kabla.

Alikuwa dada yangu wa tumbo moja, amenipita miaka sita. Alisuka mikeka, na mikeka yake ilijulikana mpaka Lindi. Hakuwahi kugusa mtambo wowote maishani mwake, hata cherehani ya Mhindi wa dukani aliitazama kwa mbali. Lakini katika watu wote niliowajua, Wazungu na waungwana na wanazuoni, sijaona mtu aliyeielewa mitambo kama yeye. Namaanisha kile ambacho mtambo unamfanyia mtu aliyeushika. Jinsi unavyogonga na kuzunguka, hilo hata mimi nalijua.

Ilianza hivi. Mumewe Hamisi, seremala, alikwenda Lindi kujenga nyumba ya mtu. Mimi wakati huo nilikuwa kijana, nimetoka shule ya serikali ya Wajerumani, nimekalishwa mbele ya chombo cha simu. Nilikuwa na kofia ya kazi. Mjini waliniita Karani Simu, nami nililipenda jina hilo hata mtu akiniita Salum bin Athumani nilikuwa siitiki upesi. Siku moja chombo kikaanza kugonga, nikapokea herufi moja moja, nikaziandika, nami sikujua nimeandika nini mpaka nilipomaliza. Zilikuwa habari za shemeji yangu.

Nilikwenda kwa dada. Nilimkuta uani, ukili wa mkeka umemzunguka miguuni. Nikasema kama nilivyozoea kuwasomea wenye maduka:

"Hamisi amefariki Lindi. Homa. Maziko leo."

Kisha nikasimama. Nilikuwa na kalamu mkononi, Shabani, na karatasi. Nilikuwa nangoja jibu.

Dada hakulia mara moja. Alinitazama, akaniuliza, "Anayesema ni nani, Salum? Wewe, au ule waya?"

Nikamjibu, "Ndivyo ilivyoandikwa, dada."

"Sikukuuliza ilivyoandikwa."

Ndipo akalia, na mimi nikarudi kazini, maana zamu yangu ilikuwa haijaisha.

Aliingia edani, miezi minne na siku kumi, na wanawake wa mtaani walikuwa wakija na watoto wao kumtoa upweke. Humo edani ndimo zilimozaliwa ngano zake. Unajua ngano zote za pwani hii zinaanzia zamani za kale. Zake hazikuanzia huko. Akiita "Paukwa!" na watu wakiitika "Pakawa!", husema: "Hapo kesho na keshokutwa, patatokea mtu." Na tangu hapo mpaka mwisho hakusema alikwenda, alikula, alioa. Alisema atakwenda, atakula, ataoa. Watu waliziita ngano za kesho.

Alisimulia mji ambao kila mtu atakuwa na picha yake ukutani, na picha hiyo haitazeeka. Wajukuu watakuwa wakiiamkia picha shikamoo na kumpita bibi mwenyewe kizingitini, kwa sababu hafanani nayo. Alisimulia mtu ambaye mafundi watambadilisha mkono kwa mkono wa chuma, kisha mguu, kisha sikio, na kila mara mkewe atakubali, mpaka siku atakapomshika kifuani na kuuliza, "Basi niliyemwoa yuko wapi, na yale mliyomtoa mmeyazika wapi?" Watoto walicheka hapo. Wakubwa walitazamana.

Lakini ngano iliyopendwa kuliko zote ilikuwa ya Makame. Nitakuandikia kwa ufupi, kwa kuwa ndiyo iliyotufikisha tulikofika.

Hapo kesho na keshokutwa patatokea mtu aitwaye Makame, na kila nyumba itakuwa na waya, na nyaya zote zitapita kwake. Mfanyabiashara atampa maneno, kadhi atampa maneno, wapendanao watampa maneno, naye atayapeleka yote bila kukosea. Atasifiwa sana. Siku moja mkewe atamwuliza, "Makame, umeshiba?" Naye atafungua kinywa, na kitakachotoka ni maneno ya mfanyabiashara. Atajaribu tena, yatatoka maneno ya kadhi. Atatafuta neno lake mwenyewe asilione. Mkewe atachukua panga, atatoka uani, na ataukata waya. Na kimya kitakapoingia, Makame atakaa siku tatu bila kusema, na siku ya nne atasema neno lake la kwanza: "Nina kiu." Mkewe atafurahi, atampa maji, kwa sababu mtu mwingine hawezi kukuonea kiu.

Niliisikia ngano hiyo nikiwa nimesimama nje ya ukuta wa ua, nikaona haya mpaka masikioni. Nilijua ni mimi. Nikaingia watu walipotawanyika.

"Dada, unanifanya kichekesho mjini."

"Mbona sikukutaja?"

"Makame ni mimi."

"Bado," akasema. "Makame ni wa kesho. Wewe ni wa leo, una nafasi."

Sikumsikiliza. Nilimwambia hadithi zake ni upuuzi wa wanawake wa edani, na kwamba nchi inakwenda mbele. Alitabasamu tu, akavuta ukili wake. Sasa najua alikuwa mbele kuliko mimi, kuliko hata walioleta mitambo yenyewe. Wao walijua waya utafika wapi. Yeye aliuliza mtu atafika wapi.

Kisha akaja Mzungu mmoja mgeni, mtu wa kukusanya lugha, na sanduku lake la kushika sauti. Lilikuwa na pembe ya bati na gogo dogo la nta linalozunguka. Alitaka msimulizi, na mimi, kwa kujipendekeza, nikamtaja dada. Alikuja amejifunika buibui, akasimulia kidogo mbele ya pembe, kisha Mzungu akazungusha tena, na sauti ya dada ikatoka ndani ya sanduku. Watu waliokuwepo walirudi nyuma. Mmoja alisoma Ayatul Kursi. Dada alisogea mbele. Alisikiliza mpaka mwisho, akaomba arudishiwe, akasikiliza tena, kisha akaliuliza sanduku, kwa adabu kama anamwuliza jirani, "Na wewe unaendeleaje, mwenzangu?"

Sanduku likakwaruza tu.

Akanigeukia. "Ana sauti yangu na hadithi yangu. Lakini hana haja ya kujua habari zangu. Basi si mimi."

Mzungu aliniuliza amesema nini. Nilimfasiria neno kwa neno, na yule mgeni, tumpe haki yake, alivua kofia.

Halafu vikaja vita vya maji. Wewe na mama yako mlikuwa Lindi kwa bibi yako, na nilimshukuru Mungu kwa hilo. Huku kwetu habari zilishuka kutoka vilima vya Matumbi: pamba imeng'olewa, watu wamekunywa dawa ya maji, risasi zitageuka maji. Nguzo za simu zikaangushwa, waya ukakatwa vipande. Chombo changu kikawa kimya. Meli zikaleta askari na maafisa wa Kijerumani wageni wasiojua Kiswahili, na mimi niliyekuwa sina kazi nikapelekwa bomani kuwa mkalimani.

Sitakuandikia yote niliyoyafasiri mle bomani. Wengine walitoka, wengine hawakutoka. Nilijifunza njia ya kupitisha maneno bila kuyagusa. Nilijiambia: mimi si hakimu, mimi si mshitaki, mimi ni waya tu. Nilikula, nikalala, nikarudi asubuhi.

Siku moja wakamleta dada yangu.

Askari alikuwa amesikia watoto wa upande wa Singino wakiimba, "Kata waya, kata waya, nimsikie mume wangu," akauliza wimbo umetoka wapi. Afisa alikaa mezani. Dada alisimama na kamba mikononi. Alinitazama mara moja tu.

"Aseme hadithi yenyewe," afisa akaniambia kwa Kijerumani. Nikamwambia dada.

Akasimulia. Hakupunguza kitu. Alisimulia kana kwamba yuko uani kwake, hata askari mmoja akasahau bunduki yake ukutani akasogea kusikiliza. Na mimi nikawa nafasiri. Alipofika kwenye panga, akasema, "Mkewe atatoka uani, na ataukata waya."

Hapa ndipo penye kosa langu, Shabani. Kwa Kiswahili tofauti ni silabi moja tu, "ta" au "li". Ningefasiri "alitoka, akaukata", ingekuwa hadithi ya kale kama hadithi za bibi za nchi zote, na afisa angepiga mwayo. Dada aliniachia nafasi hiyo. Aliisema sentensi, akanyamaza, akangoja. Mimi nilijua. Ulimi wangu ulijua. Lakini nilikuwa nimejizoeza miezi mingi kutokukosea, na nilijivuna kwa hilo, na niliogopa pia, sikufichi. Nikafasiri kama ilivyo: atatoka, ataukata.

Afisa akanyanyua kichwa. "Ataukata? Nani ataukata? Lini?"

Hadithi ikageuka njama hapohapo mezani. Dada alipofika kwenye kiu na maji, ikawa mbaya zaidi.

"Maji gani hayo?" afisa akauliza. "Nani aliyempa?"

Dada akajibu, "Maji ya mtungi, Bwana. Mtu akiwa na kiu hunywa maji. Kwenu hunywa nini?"

Askari waliojua Kiswahili waliuma midomo. Afisa akaandika kitu. Kisha akauliza kama ana ndugu mjini, maana walikuwa wakiwakamata ndugu pia. Nikamfasiria dada swali hilo. Nilisikia damu ikipiga masikioni kama chombo cha simu.

Akasema, "Sina mtu. Hata huyu karani wenu simjui."

Na mimi, mwana wa mama yake, niliyebebwa mgongoni mwake nikiwa na surua, nikageuka kwa afisa nikafasiri: "Anasema hana mtu. Anasema hata mimi hanijui."

Sikukosea hata neno.

Hawakumnyonga. Sijui ni kwa nini, na sidai kwamba nilifanya lolote. Walimtia minyororo awatwangie askari mtama, na humo bomani, katika vumbi la pumba na sakafu ya mawe, ndimo kifua chake kilimoharibikia. Alikaa mpaka vita vikaisha na njaa ikaja. Wakati huo watu walikuwa wakichimba ming'oko, viazi vya mwitu, porini, na boma halikutaka midomo ya kulisha, wakamfungulia.

Nilimfuata nyumbani kwake na kapu la muhogo mkavu. Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi njiani. Nilipomwona mifupa ya mabega, yote yakapotea.

"Dada," nikasema, "ningeweza kubadilisha neno lile."

"Najua. Nilikungoja."

"Nilisema kila kitu kama ulivyosema."

"Nilikusikia. Kijerumani sikijui, lakini najua mtu anapobeba kitu cha mwenzake na mtu anapokitupa tu upande wa pili."

Nikamwuliza kwa nini alisema hanijui. Akakohoa, kisha akanijibu neno ambalo sijawahi kumwambia mtu, hata mama yako: "Nilikukana mimi kwanza, Salum, ili usipate nafasi ya kunikana wewe. Ukinikana wewe, nisingelala tena. Na nilikuwa na mtama wa kutwanga alfajiri."

Nililia palepale, mtu mzima. Yeye akachukua muhogo, akaanza kuumenya, akaniuliza habari zako. Umeota meno ya ukubwa? Unaogopa kuogelea? Mama yako amepona mgongo? Aliuliza moja baada ya jingine, akingoja jibu kila mara, na mimi nilijibu mpaka jua likaegemea. Naamini siku ile alinirudisha kuwa mtu. Wiki ileile niliacha kazi, nikaenda kwenye shamba la minazi la baba. Kwa watu nilisingizia macho.

Ngano zenyewe, baada ya boma, hazikubadilika sura. Wengine walidhani ataogopa, atazihamishia zamani za kale. Hakuzihamisha. Miaka ile ya njaa, uani kwake palijaa watoto waliofiwa, na yeye, kati ya kikohozi na kikohozi, aliwaambia patatokea mtu. Watoto ambao hawakujua kama watakula jioni walikuwa wakibishana kama mtu wa chuma bado ni mume wa mkewe. Nawe ulikuwa mmoja wao mliporudi kutoka Lindi. Ulikuwa upande wa kusema ndiyo, bado ni mumewe, na hukukubali kushindwa. Shangazi yako alikupenda kwa hilo.

Basi sikukatazi kwenda. Mtambo ule ni mzuri, na mikono yako ni myepesi kuliko yangu. Kuna raha katika kujua habari kabla ya mji mzima, na kuna raha katika kutokukosea. Nilizipata raha hizo zote mbili na sizikani. Ila siku moja utapokea habari za msiba wa mtu unayemjua. Ukishaziandika, iweke karatasi mfukoni. Nenda kwake, keti chini, na umwambie kwa maneno yako, hata ukigugumia. Zaidi ya hapo sina la kukufundisha, maana mimi mwenyewe nilifundishwa nikiwa nimeshachelewa.

Limebaki moja. Ijumaa iliyopita uliuliza kwa nini nimechelewa kutoka msikitini, nikakujibu nilikuwa na maongezi. Ukweli ni kwamba niliona siwezi kukuacha uondoke na baba ambaye mji mzima unamjua kwa uongo. Baada ya sala, watu walipokuwa bado wamekaa, nilisimama. Nikasema: mimi ndiye niliyekuwa nikifasiri bomani mwaka wa vita, hilo mnalijua, lakini hamjui kwamba nilimfasiria dada yangu, nami ningeweza kumwokoa kwa neno moja, nisilitoe. Na huenda wapo wengine ambao neno langu lingewafaa.

Mbele yangu alikaa Mzee Bakari, ambaye mwanawe aliingia bomani mwaka ule asitoke tena. Nilikuwa nimeukwepa uso wake miaka yote hii, mpaka barabara nilikuwa nabadilisha. Nilidhani atainuka aniache nimesimama.

Hakuinuka. Alisema, "Tulijua, Salum. Askari walisimulia. Mji mdogo huu."

Nikamwuliza, "Sasa mbona hamkuniambia?"

"Tungekwambia nini? Lilikuwa lako kulisema." Akasogea kwenye mkeka, akapiga kwa kiganja mahali palipokuwa wazi pembeni yake. "Keti. Tumekungoja sana."

Nikaketi.

Mungu akutangulie, baba, na akurudishe ukiwa mzima.

Mimi baba yako,
Salum bin Athumani